Nguvu za Mzee Zimekwenda Wapi?

Dominika moja, katika parokia mojawapo ya Kamina, waamini walipiga magoti wakati wa mageuzo kama ilivyo desturi. Walipoinuka, mzee mmoja alibaki chini. Alishika benchi la mbele kwa mikono miwili, akajaribu mara ya kwanza, akajaribu mara ya pili, akashindwa. Kijana aliyekuwa nyuma yake alimshika makwapani akamwinua. Watoto wawili wakacheka. Mama yao akawafinya. Misa ikaendelea.

Twamjua mzee yule. Katika ujana wake alikuwa mtu wa reli. Kamina ni njia panda ya reli: hapa ndipo njia itokayo Lubumbashi kwenda Ilebo inapokutana na ile iendayo Kabalo na Kalemie. Yeye alikuwa mmoja wa wale waliobeba mataruma begani kwenye jua kali. Na leo mtu huyohuyo hawezi kuuinua mwili wake mwenyewe kutoka sakafuni.

Baada ya Misa watu walizungumza chini ya mwembe, nasi tukasikia majibu matatu. Mmoja alisema: «Ni uzee tu, hakuna dawa.» Wa pili alisema: «Amezoea kubembelezwa. Baba yangu ni mkubwa kuliko yeye na bado analima.» Wa tatu alishusha sauti: «Hapana, ndugu zangu. Yule kuna mtu anayemla nyama polepole.»

Ndugu wasomaji, majibu hayo matatu twayasikia katika kila kijiji, na pengine kila mmoja wetu ameyatamka. Si maneno ya kupita tu. Jinsi tunavyojibu swali hili, ndivyo tutakavyomtendea mzee tukifika nyumbani. Anayesema ni uzee tu, atamwacha. Anayesema ni uvivu, atamkaripia. Anayesema ni uchawi, ataanza kumtafuta mtu wa kumshtaki, na mara nyingi atakayeshtakiwa ni bibi kizee mwingine asiye na mtetezi. Kwa hiyo yafaa tulichunguze swali lenyewe kwa utulivu: nguvu za mzee zimekwenda wapi?

Siku hizi sehemu ya jibu yaweza kuonwa kwa macho. Tarehe 8 Novemba 1895 mwalimu mmoja Mjerumani, Wilhelm Röntgen, aligundua miali ipenyayo mwilini, na mwezi uliofuata akapiga picha ya mkono wa mke wake: mifupa ikaonekana, na pete kidoleni. Hiyo ndiyo picha ya eksirei tunayoijua. Lakini picha ya namna hiyo huonyesha mifupa vizuri kuliko nyama. Misuli na mafuta hutokea kama ukungu tu. Ilibidi kungoja miaka mingine mingi. Mtaalamu mmoja mzaliwa wa Johannesburg, Allan Cormack, alianza kulifikiri jambo hilo alipokuwa akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town mwaka 1956. Mwingereza Godfrey Hounsfield alitengeneza mashine yenyewe, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha nayo London mwaka 1971. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979.

Mashine hiyo huitwa skana. Humzunguka mgonjwa ikipeleka miali kutoka pande zote, kisha kompyuta hupiga hesabu na kutoa picha kama vile mwili umekatwa vipande vyembamba, mfano wa mama akatavyo muhogo. Katika kila kipande mfupa huonekana mweupe, misuli ni ya kijivu, na mafuta yana weusi zaidi. Waganga wanaotaka kujua hali ya misuli huchagua mara nyingi kipande kimoja, kwenye pingili ya tatu ya kiuno, wakapima misuli iliyopo pale ina eneo la sentimita za mraba ngapi. Kipimo cha mahali pale pamoja hudokeza vizuri hali ya misuli ya mwili mzima.

Ukiziweka picha mbili bega kwa bega, moja ya kijana na moja ya mzee aliyedhoofika, huhitaji kuwa daktari ili uone tofauti. Kwa kijana, misuli imeuzunguka uti wa mgongo kama ukuta wa matofali. Kwa mzee ukuta umekuwa mwembamba, na ndani yake mmeingia michirizi ya mafuta, mfano wa majani yaliyoota kati ya matofali. Na mzee huyo pengine si mwembamba kwa nje! Aweza kuwa na tumbo na mashavu, jirani wakasema amenenepa, kumbe chini ya ngozi mafuta yamekaa mahali pa misuli.

Hali hiyo ilipewa jina mwaka 1989 na daktari Mmarekani, Irwin Rosenberg. Aliiita sarkopenia, kwa maneno mawili ya Kigiriki, la kwanza likiwa na maana ya nyama ya mwili, la pili upungufu au umaskini. Umaskini wa nyama ya mwili: jina hilo lafaa kukumbukwa na Mkristu, kwa maana umaskini ni kitu ambacho tumeagizwa namna ya kukitendea. Mwaka 2016 Marekani iliitia hali hiyo katika orodha yake ya maradhi, ikapewa namba yake kama maradhi mengine.

Sasa turudi chini ya mwembe.

Aliyesema mzee ni mvivu, picha yamkatalia. Upungufu umo katika misuli, haumo katika nia. Mtu ambaye misuli ya mapaja imepungua hivyo akijaribu kuinuka kutoka magotini, anafanya kazi kubwa kuliko kijana abebaye gunia. Tulimwona akijaribu mara mbili. Huo si uvivu. Na kama baba wa jirani bado analima, tumshukuru Mungu kwa ajili yake, lakini tusimfanye kuwa fimbo ya kumpigia mwenzake. Tena huenda bado ana nguvu kwa sababu hajaacha kulima. Jambo hilo tutalirudia.

Aliyesema kuna mtu anayemla nyama, huyo tumjibu kwa uangalifu zaidi, kwa maana neno lake lina mizizi mirefu. Mwaka 1945 Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji aliyefika Kongo mwaka 1933 na kuishi miaka mingi kati ya Waluba wa Katanga, alitoa kitabu juu ya falsafa ya Wabantu. Wenye elimu walikisifu, na wengine walikipinga, na mabishano hayajakwisha. Wazo lake kubwa ni hili: kwamba kwa wazee wetu, kuwa ni kuwa na nguvu. Nguvu hiyo yaweza kuongezeka, yaweza kupungua. Na mtu aweza kuiongeza nguvu ya mwenzake au kuipunguza. Anayefikiri hivyo, akimwona mzee amekonda, hataridhika kuuliza «Ni kitu gani?» Atauliza mara moja: «Ni nani?»

Picha yajibu: hakuna mkono wa mtu uliochukua nyama hii usiku. Kupungua kwa misuli kwawapata wazee wa Ulaya na wa Marekani, wa Japani na wa Kongo. Kwaanza polepole tangu umri wa makamo, na kwazidi mbio kadiri miaka inavyoongezeka. Bibi kizee wa nyumba ya pili hana hatia. Anayemshtaki amevunja amri ya Mungu mara mbili: amemshuhudia jirani uwongo, na amemwacha mgonjwa bila msaada alipokuwa akimtafuta mchawi.

Hata hivyo tusilicheke swali la «Ni nani?» Kabla ya kulitupa, tulishike kidogo mkononi. Tutaona kwamba ndani yake mna ukweli ambao hatukuupenda.

Tumsikilize kwanza yule aliyesema ni uzee tu, hakuna dawa. Huyu ndiye aliyeonekana mwenye busara kuliko wote. Lakini mwaka 1990 waganga wa Boston, Marekani, walitoa habari ya wazee 10 dhaifu, wenye umri wa miaka kama 90, waliokaa katika nyumba ya wazee. Kwa muda wa wiki 8 wazee hao walifanyizwa mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu, uzito wa kweli, chini ya uangalizi. Mmoja hakumaliza. Kwa wale 9 waliomaliza, nguvu za miguu ziliongezeka kwa wastani wa 174 kwa mia. Na skana ilipopiga picha ya mapaja yao kabla na baada, ilionekana kwamba misuli yenyewe imekua kwa 9 kwa mia. Watu wa miaka 90! Walipoacha mazoezi, sehemu ya nguvu walizopata ikapotea tena. Kumbe mwili wa mzee si jivu lililopoa; bado yamo makaa, yakipulizwa yanawaka, yakiachwa yanafifia.

Waganga wengine walichunguza upande wa pili. Mwaka 2007 ilitangazwa habari ya wazee wenye afya, wa umri wa miaka kama 67, waliokubali kulala kitandani siku 10 mfululizo. Hawakuwa na homa wala jeraha, walilala tu. Walipopimwa kwa mashine ya miali, ilionekana kwamba miguu yao imepoteza karibu kilo moja ya nyama. Siku 10 tu, kilo moja.

Hapa ndipo swali la «Ni nani?» linapotugeukia sisi wenyewe.

Desturi yetu yatufundisha kwamba mzee ni wa kukaa. Akitaka maji, mjukuu ayalete. Akiinuka kuchukua kiti, watu wapiga kelele: «Kaa, baba, usijisumbue!» Akishika jembe, wanawe waona haya, wakihofu jirani watasema wanamtumikisha baba yao. Hivyo mzee anakaa asubuhi hata jioni, na kila siku atokayo kitini ni dhaifu kuliko jana. Tena tutazame sahani yake. Kwa kuwa meno yamekwisha, apewa bukari na mchuzi. Samaki na maharagwe vyaliwa na wenye meno. Bukari lajaza tumbo, lakini misuli haijengwi kwa bukari peke yake.

Basi ni nani anayeipunguza nguvu ya mzee? Uzee waipunguza, ndiyo. Lakini na sisi twaipunguza, kwa kiti na kwa sahani, na pengine kwa upendo mtupu. Mnyonyaji tuliyekuwa tukimtafuta kwa jirani alikuwa ameketi katika ua wetu. Wala hakuwa na hirizi. Alikuwa na mto laini wa kuketia.

Msomaji atatuuliza: «Je, mwataka tuwaamshe wazazi wetu alfajiri wakalime kama wafungwa? Amri ya nne yatuambia tuwaheshimu baba na mama. Kitabu cha Yoshua bin Sira chatuagiza kumsaidia baba katika uzee wake, hata akili zake zikipungua.» Swali hilo ni la haki. Wapo watoto wenye mioyo migumu ambao wakisikia maneno yetu watamnyima baba msaada na kusema ni mazoezi.

Twajibu hivi. Kuheshimu ni kumtakia mtu lililo jema kwake, hata likitugharimu sisi. Kumletea mzee maji kwachukua dakika moja. Kumngoja mzee ayafuate mwenyewe, ukitembea kando yake kwa mwendo wake, mkono wako ukiwa karibu, kwachukua robo saa. Mara nyingi twamketisha mzee kwa sababu hatuna subira ya kutembea naye, kisha haraka yetu twaiita heshima. Na yule anayemwacha mzee ahangaike peke yake hana heshima kabisa. Kati ya kumbeba na kumtupa ipo njia ya tatu, nayo ni kwenda pamoja naye. Mtoto ajifunzaye kutembea hatumbebi siku zote wala hatumwachi aanguke motoni. Twanyosha mikono na kurudi hatua moja nyuma. Mzee si mtoto, tena hapendi kufanywa mtoto. Lakini mikono ile yatufaa tena.

Yabaki jambo moja juu ya picha yenyewe, tusije tukaiabudu. Picha yapima wingi wa misuli. Haipimi nguvu zake zote. Wataalamu wa Ulaya waliokutana juu ya jambo hili walikubaliana mwaka 2018 kwamba kwanza zitazamwe nguvu, ndipo wingi wa misuli uthibitishe. Wapo wenye misuli michache na nguvu nyingi, na kinyume chake. Basi ikiwa hata nguvu za mkono haziwezi kusomwa zote katika picha, sembuse thamani ya mtu!

Twasema hivi kwa sababu hatari yenyewe ipo. Waganga wengine hutazama kipimo hiki kabla ya kumpasua mzee, ili wajue kama mwili wake utastahimili. Jambo hilo ni jema kama litawafanya wamlishe na kumwimarisha kwanza. Litakuwa ovu siku mtu atakaposema: «Huyu misuli yake ni haba, tusipoteze dawa.» Kipimo kilichotengenezwa ili kuonyesha nani ahitaji msaada kisigeuzwe kuwa mizani ya kuonyesha nani hastahili.

Hata wazee wetu wa kale, kama Padri Tempels aliwaelewa vema, hawakuifunga nguvu katika minofu. Kwao mzee ndiye aliyekuwa na nguvu kubwa, ingawa mkono wake ulikuwa mwembamba, kwa sababu uzima wa ukoo ulipitia kwake. Na sisi Wakatoliki wa Kongo tuliona mfano kwa macho yetu. Tarehe 31 Januari 2023 Papa Fransisko alifika Kinshasa, mzee wa miaka 86, kwenye kiti cha magurudumu kwa ajili ya ugonjwa wa goti. Kesho yake watu zaidi ya milioni moja walikusanyika katika uwanja wa ndege wa Ndolo kwa Misa. Hakuna aliyeuliza mapaja yake yana sentimita ngapi. Yeye mwenyewe ndiye aliyeanzisha mwaka 2021 Siku ya Mababu na Wazee, inayoadhimishwa Dominika ya nne ya Julai. Jungu kuu halikosi ukoko.

Wasomaji wetu wengi hawatalala kamwe ndani ya skana, wala hawana haja kubwa. Ekografia, ile mashine ya mawimbi ya sauti ambayo kwayo akina mama waonyeshwa mtoto tumboni, nayo yaweza kupima unene wa msuli wa paja. Hivyo chombo kilekile chaweza kumtazama mtu mwanzoni mwa safari na karibu na mwisho wake. Lakini hata bila mashine yoyote kuna njia. Mketishe mzee kwenye kiti kisicho cha chini sana, akunje mikono kifuani, ainuke na kukaa mara 5. Akipita sekunde 15, au akishindwa, ujue misuli yahitaji msaada. Mtembeze mita 4 kwa mwendo wake wa kawaida. Zikichukua sekunde 5 au zaidi, ni ishara ileile. Umwulize kwa upole: je, kubeba mzigo kwamshinda? Kuvuka chumba? Kuinuka kitini? Kupanda ngazi? Je, ameanguka mwaka huu?

Ukiona ishara hizo, umpeleke kwanza kwa daktari au muuguzi, kwa maana si kila kukonda ni kwa uzee. Kifua kikuu hukondesha, na ugonjwa wa sukari, na maradhi mengine yenye dawa. Anayekonda upesi, au anayekohoa, asiambiwe kufanya mazoezi, atibiwe. Kama ni uzee, basi ainuke kitini mara chache kila asubuhi na jioni huku mtu yuko karibu, atembee kila siku, apewe kazi ya mkono inayomfaa. Samaki mkavu wa maziwa ya Upemba asagwe, maharagwe na karanga zipondwe, ili asiye na meno apate naye fungu lake. Hayo yote hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji mtu wa kukaa naye.

Bwana wetu alimtabiria Petro kwamba katika uzee wake mwingine ndiye atakayemvika na kumpeleka. Siku hiyo yatungoja wengi wetu. Jinsi tunavyowashika wazee wetu leo, ndivyo watoto watazamao wanavyojifunza kutushika sisi.

Yule mzee wa reli bado hapigi magoti, naye Mungu ajua kwa nini. Lakini mjukuu wake humpitia kila Dominika, wakaja kwa miguu, wakipumzika mara mbili njiani. Injili inapotangazwa huinuka mwenyewe, polepole, mikono juu ya benchi. Kijana akaaye nyuma yake hunyosha mkono kila mara, akauweka karibu na mgongo wa mzee, bila kumgusa.